Ng'ombe Asiyefutika

Kahama ni mji wa watu wanaoishi kwa kutoa kitu ndani ya kitu. Kagongwa wanatoa mchele kwenye mpunga. Mwime wanatoa dhahabu kwenye mawe. Stendi, ukisinzia, wanatoa simu kwenye mfuko. Kuanzia kwetu Shinyanga hadi kwa jirani zetu wa Geita, tunakula kwa kazi ya kutenganisha: pumba huku, punje kule, kifusi huku, dhahabu kule. Kwa hiyo mwenye akili timamu angedhani kwamba kumtoa ng'ombe kwenye kopo la maziwa, hapa Kahama, ni kazi ya nusu saa na muda unabaki wa kunywa chai.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa kuchapwa, juu ya bati. Mweusi na mweupe, mnene, kasimama kwenye majani ya kijani ambayo huku kwetu mwezi wa tisa huyaoni hata ndotoni. Makopo yalikuwa arobaini, kwa hiyo na yeye alikuwa arobaini.

Kisa kilianzia kwenye kamati ya sendofu ya mdogo wangu wa kike. Kamati ilikuwa imepitisha rangi mbili, zambarau na fedha, na siku hizi rangi zikishapitishwa zimekuwa katiba. Bajeti inaweza kukatwa, MC anaweza kubadilishwa, hata bwana harusi anaweza kujadiliwa, lakini rangi haziguswi. Mpambaji akaleta bei ya kukodi vitaa vya fedha vya mezani. Mweka hazina aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena. Bei ilikuwa palepale. Ndipo macho ya wajumbe yakanigeukia. Nina duka la steshenari, kadi za sendofu nimezichapa mimi, kwa hiyo katika ukoo wetu mimi ndiye msanii. Azimio likapita: msanii atafute makopo, atoboe matundu ya maua, ndani uwekwe mshumaa, nje pang'ae fedha. Makopo tuliyapata kwa mama mmoja anayeuza chai ya maziwa. Kilichobaki ni ng'ombe.

Mjumbe mmoja alitaka kujua kwa nini tusimpulizie tu rangi ya fedha huyo ng'ombe tukafunga kikao. Mweka hazina akauliza rangi ya kupuliza inauzwaje, akatajiwa, akaanza kuvua miwani. Hoja ikaondolewa.

Mjomba, aliyetangulia kufika kutoka kijijini Ushetu kwa ajili ya shughuli, alikuwa amekaa pembeni akilitazama kopo la mfano.

"Huyu ng'ombe kawakosea nini?" akauliza.

"Hajakosa, mjomba. Ni rangi tu haziendani."

"Sherehe ya Wasukuma isiyo na ng'ombe ni mkutano wa hadhara."

Mwenyekiti akamweleza kwa adabu. Upande wa bwana harusi bado walikuwa na deni la mahari, ng'ombe wawili. Tukiwakaribisha ukumbini, tukawakalisha, halafu kila meza wakakuta ng'ombe anawatazama, wataona tunawadai mbele za watu.

Mjomba akafikiri kidogo. "Si ndiyo vizuri?"

Kikao kikafungwa kwa sala.

Mimi kwa kazi yangu, tabu ya wino ni kuondoka, si kubaki. Kadi niliyoichapa asubuhi, akiishika mtu anayekula chapati, mchana haina jina la bibi harusi. Wino wa kwenye bati una ukoo mwingine. Mwaka 1875, huko London, Robert Barclay alipata hataza ya mashine ya kuchapa juu ya bati. Bati ni gumu, halikubaliani na jiwe la chapa, basi picha ikapitishwa kwanza kwenye silinda iliyovikwa kadibodi, ndipo ikahamia kwenye bati. Ndiyo ofseti hiyohiyo iliyokuja baadaye kuchapa vitabu na magazeti. Bati lilitangulia, karatasi ikafuata. Ng'ombe akishachapwa hivyo huokwa kwenye tanuri, akapakwa vanishi, akaokwa tena. Watu wametoka jasho asitoke. Siku ya kumtoa hakuna aliyeifikiria, lakini wenye makopo ndivyo walivyo tangu mwanzo: Mwingereza Peter Durand alipata hataza ya kopo la chakula mwaka 1810, na kifunguzi chake kikaja miaka ya 1850. Hapo katikati watu walikuwa wanakula kwa patasi na nyundo.

Habari kwamba nina makopo yanayohitaji kutolewa rangi zilienea mtaani kabla sijaomba msaada. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na mtaani kwetu Nyasubi waamba ngoma wapo wengi.

Wa kwanza alikuwa dada wa saluni, mlango wa pili kutoka dukani kwangu. Alilitazama kopo kwa jicho la kitaalamu. "Kaka, hii ni rangi ya kucha tu, ila imepakwa eneo kubwa." Akaleta pamba na chupa ya asetoni. Tatizo la asetoni ni kwamba inachemka kwenye nyuzi 56, na jua la Kahama saa saba mchana linaisogeza karibu na hapo bila jiko. Akilowesha pamba, kabla haijafika kwenye kopo imekauka. Hadi jioni alikuwa amefanikiwa kutoa sikio moja. Mteja wake, aliyekuja kupakwa kucha, aliondoka na mkono mmoja mwekundu na ahadi.

Akafuata kijana anayenyoosha bodi za magari. Yeye alifika na grenda tayari ameshaichomeka kwangu. "Bro, sogea." Kwa dakika chache ng'ombe akawa vumbi, majani yakawa vumbi, na kopo likang'aa hadi mweka hazina akatabasamu bila kuvua miwani. Tukaliosha, tukalianika, tukaenda kulala tukijua tumepata fundi. Asubuhi kopo lilikuwa rangi ya chungwa. Kopo la maziwa ni chuma kilichopakwa bati halisi, na tabaka la bati hilo ni jembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Ndilo linalozuia kutu. Grenda haijui kwamba ng'ombe anatakiwa kutoka na bati linatakiwa kubaki. Ilichukua vyote viwili. Kamati ilipitisha zambarau na fedha. Chungwa haikuwemo kwenye ajenda.

Hapo ndipo shemeji alipojiteua. Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa kitengo cha usalama katika mgodi wa Buzwagi. Mgodi ule ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukasimamisha kazi mwaka 2021. Mgodi ulisimama, shemeji hakusimama. Nyumbani kwake huwezi kubadilisha balbu bila kikao cha dakika tano. Alipoona vumbi la rangi kwenye nyusi za yule kijana, alizungushia uwanja wangu utepe mwekundu na mweupe, akavaa rifleta, akatuamuru wote tuvae gambuti.

"Rangi za zamani nyingine zina risasi ndani yake," akasema. "Ukizisaga kavu, unazivuta. Risasi ikiingia kwa mtoto inakwenda kwenye ubongo. Kuanzia leo hakuna kukwangua kavu, na watoto wote nje ya utepe."

Watoto walitii. Kuku hawakutii.

Mama ntilie wa kona, ambaye masufuria yake huwa meusi Jumatatu na Jumanne yanang'aa, alituonea huruma. "Wanangu, mnahangaika nini? Kitu kikigoma, choma." Akaweka makopo matatu juu ya mkaa. Rangi iliyookwa tanurini haitaki kuokwa mara ya tatu: ilitoa moshi mweusi wenye harufu ya tairi, na moshi, kama ujuavyo, hufuata wali. Wateja waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi walihama na sahani zao, wengine moja kwa moja hadi makwao, na sahani hazijarudi zote. Makopo yenyewe yalipotolewa, bati lilikuwa limekusanyika vijitone vijitone, kwa sababu bati linayeyuka kwenye nyuzi 232 tu, na mkaa uliokolea unapita hapo bila jasho. Ng'ombe? Alikuwa amebadilika rangi. Zamani alikuwa mweusi na mweupe; sasa mweusi mtupu.

"Shukuruni hili si bati la nyumba," shemeji akasema huku akipepea moshi kwa kofia ngumu. "Bati la nyumba limepakwa zinki. Ukilichoma hivi, moshi wake unakuletea homa ya usiku, unatetemeka kama una malaria. Waulizeni mafundi wa kuchomelea." Fundi mmoja wa kuchomelea alikuwepo kati ya watazamaji, akaitikia kwa kichwa, akaongeza kwamba dawa yake ni maziwa. Shemeji akamjibu kwamba dawa yake ni kufanyia kazi penye hewa na kuvaa barakoa, maziwa ni kifungua kinywa.

Usiku ule alikuja mchenjuaji wa dhahabu. Hakuja mchana kwa sababu wachenjuaji ni watu wa mambo yao. Aliweka chupa mezani taratibu, akavua kofia. "Bosi, nimesikia una kazi ya kutenganisha."

Nikampa kopo. Akalikata kipande chenye kichwa cha ng'ombe.

"Hii ni naitriki," akasema. "Dhahabu ikichanganyika na fedha na shaba, naitupia humu. Fedha inayeyuka, shaba inayeyuka, dhahabu inakaa chini inanisubiri. Sheria ni moja, bosi: kinachoyeyuka ni uchafu, kinachobaki ndiyo mali."

Akachanganya tindikali na maji kwenye chupa ya kioo, akatumbukiza kipande. Palichemka. Ukatoka moshi wa kahawia, na shemeji, ambaye sijui alitokea wapi na rifleta yake usiku ule, akatuvuta wote kwa kola hadi upande upepo unakotoka, akisema moshi huo unaweza kukuacha ukicheka leo na ukashindwa kupumua kesho. Ulipotulia, tukarudi kuchungulia kwa tochi ya simu. Chuma kilikuwa kimekwenda. Tindikali ilikuwa imekila kuanzia upande wa ndani, usio na rangi. Bati lilikuwa limegeuka unga mweupe chini ya chupa, kopo la maziwa ya unga limerudi kwenye asili. Na juu, kikielea kwenye utando wa vanishi, kizima, kimetulia, kilikuwepo kichwa cha ng'ombe.

Tulinyamaza. Mjomba akasogea na fimbo yake.

"Umesema kinachobaki ndiyo nini?"

"Ndiyo mali, mzee," mchenjuaji akajibu kwa unyonge.

"Niliwaambia," mjomba akasema, akaenda kulala.

Mchenjuaji alijaribu kurudisha heshima yake kesho yake kwa kutuletea chombo. Alikuwa na dramu safi la chuma, zuri, lenye mfuniko wake, la kuloweka makopo yote kwa pamoja. Shemeji akaliinamia, akasoma maandishi yaliyofifia ubavuni, akarudi nyuma hatua kadhaa. Lilikuwa dramu la sayanidi, ile wanayotumia kwenye mitambo ya kuchenjulia marudio ya dhahabu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze vikao vyake, shemeji hakuhutubia. Alisema kwa sauti ya chini kabisa: dramu la sayanidi haliwekwi maji, haliwekwi pombe, haliwekwi mahindi, halioshwi likawa chombo, na mabaki yake yakikutana na tindikali, kama ile ya jana, yanatoa gesi inayoua mtu kabla hajajua kinachomuua. Dramu likarudishwa lilikotoka. Tunaishi kwenye mji wa migodi; vyombo vizuri vya bure tumevizoea, na hapo ndipo pabaya.

Aliyetuokoa hakutoka mgodini wala gereji. Alikuwa mama wa sabuni, jirani wa nyuma, ambaye kikundi chao cha VICOBA huchemsha sabuni za miche. Alikuwa amepita kila siku na ndoo yake akitazama wanaume wakizunguka kopo.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka, baba. Hiyo rangi mmeichoma, mmeisaga, mmeimwagia tindikali. Mmejiuliza imetengenezwa na nini?"

Hatukuwa tumejiuliza.

"Rangi ya namna hii shina lake ni mafuta. Mafuta mimi nayageuza sabuni kila wiki."

Na kweli. Kostiki ikikutana na mafuta, inayavunja yanakuwa sabuni. Na rangi yenye asili ya mafuta ikivunjwa hivyo haina tena nguvu ya kushika bati. Iliyookwa inabisha zaidi, lakini ikilowekwa kwenye kostiki ya moto kwa muda wa kutosha, inalegea na kuvimba. Siri ni muda. Ukiwahi, ng'ombe bado anacheka. Ukichelewa, kostiki inaanza kulila na bati lenyewe. Mama alivaa glovu ndefu na miwani, akatuvalisha na sisi, na shemeji machozi yakamlengalenga kwa furaha kuona kuna mtu Nyasubi anayevaa glovu bila kuamriwa. Alimwaga maji kwanza kwenye karai la plastiki gumu, ndipo akatia kostiki kidogo kidogo huku akikoroga kwa mti. "Kostiki inaingia kwenye maji. Maji hayaingii kwenye kostiki. Ukigeuza, inachemka ghafla na kukurukia machoni." Karai likapata moto bila jiko. Makopo yakazama.

Tulipoyatoa, ng'ombe alikuwa amekunjamana. Brashi ya nguo, siyo ya waya, ikampitia. Akatoka vipande vipande na majani yake. Tukasuuza kwa maji mengi, kisha kwa maji yenye siki kuua kostiki iliyobaki, tukayakausha hapohapo kwa kitambaa. Kopo likang'aa fedha. Mwenyekiti alipigiwa simu akaja kushuhudia.

Mafanikio yana watu wake. Mweka hazina alipoona karai bado lina nguvu, alikumbuka kwamba muuza skrepa ana gunia la makopo ya soda, mepesi, tayari rangi ya fedha kwa ndani. Tukiyaloweka nayo, si tutapata vitaa vya ziada vya meza kuu? Kabla mama wa sabuni hajaweka ndoo chini, mawili yalikuwa yameshatumbukizwa. Kopo la soda ni alumini, na kostiki haina ugomvi na rangi ya alumini. Ugomvi wake ni na alumini yenyewe. Karai lilichemka, likapanda povu, likatoa mvuke na gesi ya haidrojeni, ambayo cheche moja tu inaiwasha. Shemeji alipiga filimbi. Nasema alipiga filimbi. Alikuwa nayo shingoni siku zote hizo ikingoja. "Mkaa! Zima mkaa! Sigara! Kila mtu nyuma ya utepe!" Tulikimbia, kuku wakiwa mbele. Povu liliposhuka tulikuta vibanio viwili vya juu, vile vya kufungulia, vikiwa na matundu. Makopo yenyewe mweka hazina aliyaandika kwenye daftari kama hasara ya kawaida.

Kutoboa maua kulikuwa starehe. Unajaza kopo mchanga mbichi ulioshindiliwa lisibonyee, unachukua msumari na nyundo, unafuata mchoro wa karatasi. Kwa kazi hiyo hakuna aliyetoa ushauri, maana haikuwa na moshi.

Siku ya shughuli meza zilipangwa, vitambaa vya zambarau, vitaa vya fedha, mishumaa ndani. Mpambaji alipita akiviangalia kimoja kimoja, akaniuliza nimenunua wapi Dar. Nikiwa bado navimba kichwa nikaona meza ya wazee wa upande wa bwana harusi. Katikati yake, kati ya maua, lilikuwepo kopo moja lisilotobolewa, lisilolowekwa, ng'ombe mzima, mnene, anawatazama wageni. Nikamtafuta mjomba. Alikuwa anakula pilau kwa utulivu wa mtu asiyejua lolote.

MC alipotoa nafasi ya neno kutoka kwa wageni, alisimama mzee mmoja mrefu wa upande wao. Alishukuru kwa mapokezi, akamsifu binti, akaombea mvua. Kisha akainua kopo juu ukumbi wote walione.

"Tumemwona ng'ombe," akasema. "Tumeelewa. Ndugu zetu mnatudai wawili. Basi na sisi hatukuja mikono mitupu: tunawakabidhi huyu. Andikeni kabaki mmoja."

Ukumbi ukalipuka. Mjomba alisimama bila kungoja kipaza sauti.

"Huyo hana nyama!"

"Hana," mzee akajibu, "lakini maziwa yake hayachachi."

Vigelegele vilizima muziki. MC, ambaye alilipwa ili achekeshe, aliomba maji. Mweka hazina, kwa kuwa ni mtu wa kumbukumbu na hakuambiwa kwamba ni utani, aliliingiza kopo kwenye daftari la mahari, akaweka tarehe na saini. Upande wa pili wanasema waliandikiwa, kwa hiyo wamelipa. Upande wetu tunasema ule ulikuwa utani, kwa hiyo hawajalipa. Vikao vinaendelea. Mjomba amelifungia kopo kabatini Ushetu na kunitumia ujumbe kwamba mimi, mama wa sabuni na kostiki yetu tusionekane kijijini hadi kesi iishe, maana mwenye kumfuta ng'ombe huyo amefuta ushahidi.